Bosi Aliyeanika Matangazo Mlangoni

"Nyinyi mnalipwa muipende kazi," Bosi alikuwa akituambia kila alipotukuta tumekaa tunajisifia. "Ipelekeni kwa wasiolipwa."

Wasiolipwa ni mtaa. Ofisi yetu ya matangazo ilikuwa chini ya ghorofa kuukuu, pale Kariakoo inapokwisha na Gerezani inapoanza, na mlango wake ulitazama barabara ya wasukuma mikokoteni, mafundi magari na wauza vipuri. Juu ya mlango Bosi alifunga waya, kutoka nondo ya dirisha hadi nguzo ya baraza. Kila tangazo tulilotengeneza, liwe la sabuni au la benki, lilibanwa pale kwa vibanio vya nguo kutwa nzima kabla ya kupelekwa kuchapwa. Tuliita kuanika. Mteja asiyetaka kazi yake ianikwe alishauriwa kwa adabu atafute ofisi nyingine.

Mara yangu ya kwanza kuanikwa ilikuwa tangazo la mkate. Niliuchora ule mkate kwa siku kadhaa, nikauremba, nikautia kivuli. Haikufika saa nne msukuma mkokoteni mmoja akasimamisha mzigo wake katikati ya barabara.

"Oya, njooni muone! Huo mkate au godoro?"

"Godoro hilo," akajibu fundi wa betri. "Tena la watu wawili."

"Kaka, nikatie kipande nimpelekee mke wangu, tumechoka kulala chini!"

Barabara nzima ilicheka. Bosi alisimama mlangoni ameshika mbavu, machozi yanamtoka. Mama mmoja aliyebeba khanga za kuuza akasema, bila hata kusimama, "Wekeni kikombe cha chai pembeni, tutajua unaliwa." Bosi akamkimbilia, akamshukuru kwa mikono miwili, na jioni yule mama alipita kuchukua mikate mitatu, malipo ya wazo lake. Mimi nilirudi mezani kuchora kikombe. Tangazo lile lilipendwa sana, lakini sikuusahau ule mzaha wa godoro, na nasema hapa mapema kwamba sikuusamehe pia.

Niliingia kwake nikiwa mtu mzima, nina mke na watoto, baada ya shirika la umma nililokuwa nikilichorea mabango kupunguza wafanyakazi. Ndizo zilikuwa zama za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa dawa za meno za aina nne, redio za watu binafsi zikaanza kuongea, na kila mwenye bidhaa alitaka kelele yake isikike kuliko ya jirani. Mtu wa kidato cha nne anayejua kuchora herufi alikuwa na soko. Bosi alinipima kwa kunitembeza tu. Alinipeleka sokoni, tukakaa kwenye gunia karibu na wauza nyanya, akaninyang'anya kalamu.

"Usiandike. Sikiliza. Neno litakalokufuata mpaka nyumbani bila kuliandika, hilo ndilo letu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Alivaa sari za pamba zenye rangi ya vumbi, na chini yake raba za michezo, kwa sababu ya kutembea. Alizaliwa na kukulia mitaa hii hii, na Kiswahili chake kilikuwa cha uswahilini hasa, chenye mafumbo na kejeli. Aliyedhani atamsengenya mbele yake kwa kuwa ni Mhindi alijuta. Alizijua sauti za soko kama wengine wanavyojua nyimbo. Muuza mitumba mmoja alikuwa akipiga kelele, "Vaa wewe, ashangae jirani!" Bosi alimwomba maneno yale kwa ajili ya duka la mashati. Malipo waliyokubaliana ni kitambaa kipana cha kutundika juu ya meza yake, chenye rangi tatu, na jina lake limeandikwa kwa mkono wangu. Redio ilipotangaza, yule kijana aliwaambia wateja, "Mnasikia? Redio inanifuata mimi."

Ndani ya ofisi, ukuta mmoja mzima ulikuwa picha za mtaa: khanga kwenye kamba, maandishi ya nyuma ya mikokoteni, mikono ya mtu akifunga karanga kwenye karatasi, nyuso. Kila aliyepigwa picha aliombwa kwanza, kisha akapewa nakala yake. Tukikwama kazini tulikwenda kusimama mbele ya ukuta ule. Lakini kulikuwa na sheria.

"Hawa wametupa tuwatazame," Bosi alisema. "Hawajatupa tuwauze. Picha haitoki ukutani."

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Mshahara wetu ulichelewa mara nyingi, na alikuwa tayari kugombana na mfagizi kwa ajili ya kipande cha sabuni. Mkono wake ulikuwa wazi kwa watu wa nje na umefumbwa kwa wa ndani. Alikataa katakata kutangaza krimu za kujichubua, akamwambia mteja usoni kwamba hawezi kuwatukana majirani zake kwa fedha. Wiki hiyo hiyo akapokea tangazo la sigara. Tulipomuuliza akasema, "Baba yangu alivuta," kama kwamba hilo lilikuwa jibu. Alipiga makelele. Hakuomba radhi kwa makelele yake. Aliyelia alipewa chai.

Na kila mwezi tulifanya kazi moja ya mtaa bila malipo. Kibao cha shule ya msingi. Jezi za timu ya vijana wa karakana. Kibao cha makaburini cha kuonyesha bomba la maji lilipo, kwa sababu aliwahi kwenda kumzika mlinzi wetu akaona watu wakizunguka na udongo mikononi. Kazi hizo alizikagua kuliko za wenye benki. Siku moja watu wa benki walikaa barazani wakimsubiri, yeye yuko ndani anabishana nami juu ya rangi ya kibao cha shule. Nilimwambia wateja wanangoja. Akasema, "Na watoto je?"

Jambo moja tu lilimtenga na sisi, nalo ni chakula. Alikuwa wa familia ya Kihindu iliyoshika dini, hakugusa nyama wala yai, na hakula kilichopikwa kwenye jiko asilolijua. Alikuja na chupa yake ya maji na bilauri yake ya chuma. Nilipomwalika harusi ya mdogo wangu alikuja, akatunza, akacheza na akina mama mpaka jasho likamtoka, lakini soda tuliyomfungulia aliishika mkononi mpaka ikapata joto. Hatukuona vibaya. Tulijua kwao Upanga yuko mama mkwe anayelinda jiko kama askari wa ghala.

Kisha kompyuta ikaja. Ilitoka Dubai, imetumika, pamoja na mashine ya kunakili picha na kuziingiza ndani yake. Chumba chake tuliingia bila viatu. Bosi alinichagua mimi nifundishwe, na baada ya miezi michache nilikuwa mtu mwingine. Nilianza kuona waya wa mlangoni kama aibu. Wateja walikuwa wakija na suti na magari, halafu kazi yao inaning'inia kama chupi, inachekwa na wasukuma mikokoteni. Nilimwambia Bosi hivyo, kwa maneno laini kidogo. Akanitazama juu ya miwani. "Wenye suti hawanunui mkate mmoja mmoja," akasema.

Mwaka ule mvua zilizidi, bonde la Msimbazi likafurika, na kipindupindu kikaingia. Bosi alikuwa amekwenda Tanga kwenye harusi ya ndugu zake. Mwenyekiti wa mtaa alikuja ofisini ameloa mpaka magotini, akaomba bango la kuwaonya watu. Nilimwambia atalipata kesho yake. Ilikuwa kazi ya mtaa, ya bure, nami ndiye niliyeachiwa ofisi.

Nilitaka kufanya kitu ambacho hakijawahi kuonekana pale: bango lenye picha ya mtu halisi, si mchoro. Nikaenda ukutani, nikamtoa Mama Zuhura. Huyu alikuwa mama ntilie wa mafundi wa Gerezani, Mzaramo wa hapa hapa Dar, mjane, na usafi wake ulisifika; sahani zake ziling'aa kuliko za hotelini. Kwenye picha alikuwa anacheka, amenyoosha sahani ya wali. Nikamweka katikati ya bango. Juu yake nikaandika kwa herufi nyekundu, kubwa: KIPINDUPINDU KINAUA. Chini, kwa herufi ndogo za kijani zilizopangwa vizuri: Kula kwa mama msafi, nawa mikono, chemsha maji.

Nililitazama kwenye kioo cha kompyuta nikaona nimefanya jambo kubwa. Sikulianika. Nilijiambia ni haraka, watu wanaumwa. Ukweli ni kwamba sikutaka msukuma mkokoteni asimame tena barabarani kuniuliza kama hilo ni godoro. Nikalipeleka moja kwa moja kwa mchapaji, na asubuhi iliyofuata lilikuwa kwenye kuta za mtaa mzima.

Msukuma mkokoteni yeyote angeniambia kwa kulitupia jicho mara moja. Mtaa uliona neno la kuua, na chini yake uso wa Mama Zuhura. Herufi za kijani hakuna aliyezisogelea. Kufikia adhuhuri mabenchi yake yalikuwa matupu, na fundi mmoja alimwaga chakula alichokwisha kukilipia.

Alikuja ofisini mwenyewe, bango amelikunja ndani ya khanga. Alilifungua juu ya meza yangu taratibu, akalilainisha kwa kiganja.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimemuua nani?"

Nilikuwa na jibu. Ningeweza kusema, ni mimi, Mama, nimekosea, twende nikaliondoe. Badala yake nilisema, "Mama, subiri Bosi arudi. Haya ni mambo ya Bosi."

Akalikunja tena, akaondoka.

Bosi alirudi siku mbili baadaye. Alisimama barazani begi liko chini, muuza kahawa wa mlangoni amekaa kando yake na mabuli yake, akaniita.

"Lilianikwa?"

"Lilianikwa, Bosi."

Muuza kahawa aliinamisha kichwa akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Bosi alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Haya," akasema. Akaingia ndani, akatoka na ndoo na kisu cha jikoni, akaanza kubandua mabango kwa mkono wake. Tulimfuata wote. Nami nilibandua.

Jioni ile alikwenda kwa mafundi. Alimwomba mwenyekiti awepo. Akasimama kwenye matope na raba zake.

"Bango limetoka kwangu," alisema. "Mama huyu ni msafi, ndiyo maana picha yake ilikuwa kwangu. Kosa ni langu."

Fundi mmoja aliyekuwa chini ya gari alijibu bila kutoka. "Maneno hayo, mama. Wewe mwenyewe huwezi kula hapa. Hata maji yetu hunywi!"

Wengine walicheka. Bosi hakucheka. Alimgeukia Mama Zuhura.

"Leo umepika nini?"

"Wali maharage. Lakini Bosi..." Mama Zuhura alishusha sauti. "Sufuria hili jana nililipikia nyama."

"Nimeuliza leo, sikuuliza jana. Nipakulie."

Akakaa kwenye benchi. Akanawa, akamega tonge, akalitia mdomoni. Alitafuna kama mtu anayepita gizani, taratibu, macho mbele. Alipomaliza alikomba sahani kwa kidole, akasema, "Chumvi imezidi," na Mama Zuhura, aliyekuwa akilia, akajikuta anacheka. Yule fundi akatoka chini ya gari akanawa mikono.

Alikwenda tena kesho yake, na keshokutwa, kila mchana, mpaka mabenchi yalipojaa akawa anakosa nafasi ya kukaa. Kila siku kabla ya kutoka alisimama katikati ya ofisi akauliza, "Nani anakuja kula na mimi?" Wenzangu walikwenda. Aliponitazama mimi nilisema, "Nimeshakula, Bosi." Kisha nilitoka kwa mlango wa nyuma nikasimama kwenye kibanda cha vipuri ng'ambo ya barabara, nikawatazama wakila, na njaa inaniuma kweli.

Nyumbani kwao alilipia. Mama mkwe alipopata habari alimzuia jikoni, akaacha kula chochote kilichoguswa na mkono wa Bosi, na haikuwa kwa wiki moja wala mbili. Haya niliyasikia kwa dereva wake. Yeye mwenyewe alisema mara moja tu, akicheka, kwamba sasa nyumbani amekuwa mgeni wa heshima, anapikiwa.

Hakuniuliza tena juu ya bango. Ila tangu siku ile, kazi yangu ikimalizika, alikuja mezani, akaichukua, akaenda kuianika kwa mkono wake. Ya wenzangu waliianika wenyewe. Yangu tu ndiyo aliyoichukua. Nilijifanya sioni tofauti, na nilijifanya hivyo kwa miaka.

Baadaye kampuni kubwa za matangazo zikaja mjini, na majengo ya vioo na viyoyozi. Moja ilinitaka. Ilimpigia Bosi simu kumuuliza mimi ni mtu gani, akanisemea vizuri. Nilikuwa nimesimama pale pale nikisikia. Nikaondoka. Ofisi yake ilifungwa miaka michache mbele, ghorofa likavunjwa. Mama Zuhura alikwisha kuhamia kwa wanawe Mbagala. Nilipata cheo, nikajenga, nikastaafu. Nilifundisha vijana namna ya kutengeneza matangazo, na nilipowasimulia habari za kuanika nilizisema kama kwamba zilikuwa wazo letu, mimi na yeye.

Mwaka jana nilisikia anaumwa. Nikapanda ngazi za nyumba yao Upanga, nikisimama kila ghorofa kuvuta pumzi. Msichana anayemwangalia alinifungulia. Bosi alikuwa kwenye kiti dirishani, mwembamba kuliko zamani, macho yameingia ukungu.

"Nani huyo anapumua kama pancha?"

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba." Akanigeuzia sikio. "Ah. Bwana Kompyuta."

Tulizungumza ya watoto, ya magoti, ya waliokufa. Chai ikaletwa. Ilipopoa ndipo nilipoweza.

"Bosi, lile bango sikulianika. Nilikudanganya."

"Najua. Muuza kahawa aliniambia kabla sijaweka begi chini."

"Sasa mbona hukunisema?"

"Ningekusema ningepata nini? Ningekuwa na mchoraji mmoja pungufu, na mabenchi ya yule mama bado matupu. Mimi nilitaka mabenchi yajae." Alipapasa kikombe chake mpaka akakipata. "Na usije ukafikiri nilikusamehe. Nilikasirika mpaka nikaumwa kichwa. Nilikuwa nakuita ukale na mimi. Kila siku nakuita."

Nilimwambia nilikuwa nasimama kwenye kibanda cha vipuri.

"Nilikuwa nakuona."

Nje, bajaji ilipita ikipiga honi. Yeye ndiye aliyeendelea.

"Mama Zuhura mnaonana?"

"Hapana, Bosi."

"Yuko hai. Mjukuu wake hunipigia simu sikukuu. Anajua ni wewe?"

"Hapana."

"Basi kwake bado ni mimi."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja anwani. Kisha akanigeuzia uso, na ingawa nadhani hakuniona vizuri, niliangalia chini.

"Mimi sina muda mrefu. Sitaki kufa na kosa lako. Nenda kalichukue."

Nilikwenda Mbagala kesho yake, kabla moyo haujapata pa kujificha. Mjukuu alinipeleka uani. Mama Zuhura alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, anapepeta mchele. Alinikumbuka kwa sura, akasema nilikuwa kijana wa yule Bosi, akanionyesha kigoda. "Karibu ukae, baba."

Nilimwambia sikai mpaka nimesema. Nikasema nimesimama, yote, tangu picha ilipotoka ukutani mpaka nilipomwambia asubiri Bosi arudi. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kutafuta mawe kwenye mchele, ikiyatupa moja moja uani, na nilipomaliza ikaendelea bado.

"Yule mama," akasema hatimaye, "nilimkasirikia. Hata alipokuwa anakula kwangu nilikuwa na donge. Nikamwomba Mungu anitolee, likatoka kidogo kidogo, miaka. Kumbe nilikuwa namsamehe mtu asiyenikosea."

Alitikisa ungo, makapi yakaruka.

"Sasa wewe, kwa umri huu, nitaanza na wewe lini?"

Nilibaki nimesimama pale uani. Hakunifukuza, wala hakusema tena nikae.